Firigisi ya Serikali

Jirani yangu Bi Kazija anadai kwamba yote yalianza na jogoo aliyekula keki. Anasema kasikia kwa binamu yake anayefagia ua wa Jumba Kuu, na binamu huyo ameapishwa kunyamaza. Mtu aliyeapishwa kunyamaza, anasema Bi Kazija, siku akifungua mdomo hawezi kupoteza nafasi hiyo kwa uongo.

Basi, kwa maneno yake, ilikuwa siku ya pili ya harusi ya binti wa Mtukufu Mlezi wa Taifa. Keki ilikuwa ya ghorofa saba na ilibaki yote, maana watu walishashiba biriani na mbwa walikuwa wamelala chali. Mpishi akaimwaga uani. Jogoo wa Jumba Kuu akaanza na ghorofa ya juu, akashuka ya pili, akashuka ya tatu. Alipofika ya nne akakaa chini. Alfajiri hakuwika.

Sasa nyinyi mnaosoma, huko kwenu labda asubuhi inakuja yenyewe. Kwetu ilikuwa inaanza rasmi jogoo wa Jumba Kuu akishawika. Kabla ya hapo, hata jua likusimamie utosini, kisheria ni usiku. Siku ile nchi nzima ililala mpaka saa kumi jioni, na walioamka mapema wakakamatwa kwa kuzurura gizani.

"Unabisha?" huniuliza Bi Kazija, mkono kiunoni. "Shemeji yangu si alifungwa wiki mbili kwa kwenda kisimani saa nne asubuhi?"

Mimi sibishi. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na kitu nilichojifunza vizuri kuliko vyote huko ni kukaa kimya na kuangalia.

*

Tume iliundwa. Ilikaa miezi minane, ikasafiri kwenda kutazama kuku wa nchi za mbali, ikarudi na masanduku mengi na ukurasa mmoja. Ukurasa ulisema kuku wa uani agawiwe mlo wake mafungu kumi. Tisa yawe chakula kamili: mahindi ya kuparaza, pumba, dagaa waliosagwa, chokaa kidogo ya kukazia ganda la yai, na changarawe za kusagia tumboni. Fungu la kumi, hilo peke yake, liwe la vionjo, yaani vile vitu anavyovikimbilia: kumbikumbi, ganda la tikiti, papai lililoiva, wali uliobaki. Kionjo kikizidi, kuku ananenepa, anaacha kutaga, na asubuhi ya taifa inachelewa.

Nisiwe mwongo, sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Mama yangu, Bi Arafa, alikuwa anaifuata kabla Tume haijajua kuku ana miguu mingapi. "Mpe kwanza chakula," alikuwa akiniambia. "Akishashiba, jioni, ndiyo umpe kiganja kimoja cha utamu. Asije akashiba utamu."

Tulikuwa na kuku mmoja, tetea mwekundu mwenye duara la manyoya ya dhahabu shingoni. Tukamwita Mkufu. Mama alikuwa mgonjwa wa kitandani, na tumbo lake lilikuwa limekataa kila kitu. Uji ulimrudi. Mchuzi ulimrudi. Yai la Mkufu, la kuchemsha, lilikaa. Kwa hiyo mkinisikia naongea habari za kuku mmoja kama watu wanavyoongea habari za baba yao, msinicheke. Mama yangu alikuwa anaishi kwa yule kuku.

Mambo yalipokuwa yanakwenda vizuri tukaanza hata kuweka akiba. Siku moja mama anakula yai, siku ya pili linawekwa kwenye kikapu, ili mvua zikianza Mkufu aatamie, maana jogoo wa Bi Kazija alikuwa hakosi kutupitia. Yalikuwa yamefika saba siku tarumbeta ilipolia mtaani kwetu.

*

Alikuja Mkaguzi Mkuu wa Ulaji Sawia wa Kuku wa Uani, Mheshimiwa Salehe Kibindo. Kwanza tuliona koti, halafu tukamwona yeye. Lilikuwa koti la kijani lenye mifuko minane na vifungo vya shaba arobaini na viwili. Koti la kawaida halina kazi ya kuvipa vifungo vyote hivyo, lakini alikuwa ameamuru kila penye nafasi pashonwe kimoja. Nyuma yake alikuja Mfunguaji wa Taifa na kisu chake, halafu mpiga tarumbeta, ambaye pia ndiye karani, halafu sufuria ya Serikali juu ya toroli, na ndimu, na chumvi.

"We msichana," Mheshimiwa akaniambia, "kuku huyu anakula nini?"

"Mahindi ya kuparaza na pumba, bwana. Na dagaa. Jioni kumbikumbi, kiganja kimoja."

"Nani shahidi?"

"Mama yangu, yupo ndani."

"Mama yako ni mhusika. Kuku mwenyewe anasemaje?"

Sote tukamgeukia Mkufu. Mkufu akasema kokoko, akaparua chini.

"Andika," Mheshimiwa akamwambia karani. "Kuku amekataa kutoa maelezo."

Kisha akapanda juu ya kinu chetu akahutubia. Tulikuwa watu wanne na mbuzi mmoja, lakini alihutubia kama tuko uwanjani. "Ndugu wananchi! Kuku ni mjanja! Unaweza kumhoji mchana kutwa asikuambie alichokula! Je, Serikali yenu sikivu ikae tu imtazame? Haitakaa! Wataalamu wetu wamekesha, wakachora, wakafuta, wakagundua kwamba alichokula kuku kipo ndani ya kuku!" Akanyamaza ili tupige makofi. Mpiga tarumbeta akapiga. "Na njia ya kuingia ndani ya kuku," akamalizia kwa sauti ya chini, kama anatupa siri ya nchi, "ni kumfungua."

Nilipiga magoti. Nikasema, "Bwana mkubwa, nakuomba, muache huyu. Mama yangu anaishi kwa yai lake."

Hakujibu. Nikaomba mara ya pili, nikaomba mara ya tatu. Nilikuwa namtazama mdomo, na mdomo ulikuwa unakwenda, lakini maneno hayakutoka. Nikamuuliza mpiga tarumbeta kama Mheshimiwa hasikii.

"Anasikia sana, dada," akaniambia kwa upole. "Anatafuna ushahidi wa nyumba ya Bi Kazija. Mtu mwenye adabu hasemi chakula kikiwa mdomoni."

Hapo inabidi niwaeleze habari ya firigisi. Kwetu firigisi ni kionjo cha wakubwa, hailiwi na yeyote tu. Kuku akichinjwa, ile firigisi inawekwa pembeni ya sahani ya mkubwa wa nyumba, na akija mgeni wa heshima, mkubwa wa nyumba anaisukuma kwa mgeni. Ni desturi ya siku nyingi, na haijawahi kumdhuru mtu, maana mgeni wa heshima huja mara moja kwa mwaka. Mheshimiwa Kibindo ndiye aliyekaa akapiga hesabu kwamba kila nyumba anayoingia yeye, mgeni wa heshima ameshaingia. Tena, firigisi ndiyo inayosaga alichokula kuku, hivyo ndiyo shahidi mkuu. Na shahidi mkuu lazima ahifadhiwe mahali pasipofikiwa na panya. Wakatafuta nchi nzima mahali hapo. Wakaona hapana panapozidi tumbo la Mkaguzi Mkuu.

Siku zenye nyumba nyingi tumbo lilijaa. Firigisi zilizozidi zilitiwa chumvi na ndimu, zikakaushwa, zikafungwa uzi wenye kikaratasi cha jina la nyumba zilikotoka, zikaingia mfukoni kwa ajili ya kesi za baadaye. Nyama iliyobaki ililiwa na Wizara, kwa masikitiko.

Mkufu alifunguliwa. Mfunguaji alitenga punje huku, kumbikumbi kule, akahesabu kwa ncha ya kisu.

"Sawia, Mheshimiwa," akasema. "Tisa kwa moja. Sijawahi kuona kuku aliyelishwa vizuri hivi."

Mheshimiwa alinishika mkono. Akanipa cheti chenye muhuri. Nilikisoma baadaye pale mlangoni, polepole, neno kwa neno. Kilisema kwamba Mkufu ni kuku wa mfano, Serikali inampongeza, na anatakiwa aendelee hivyo hivyo.

*

"Wameondoka?" mama akauliza kutoka ndani.

"Wameondoka."

"Kuku je?"

Nikamsomea cheti.

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Na yale mayai saba?"

"Yapo. Nikuchemshie moja?"

"Nikiyala, ni siku saba," mama akasema. "Yaatamiwe."

"Nani ayaatamie, mama? Mtaa mzima hakuna kuku. Wa Bi Kazija wote wamepata vyeti."

"Mimi si nina homa?" akasema mama yangu. "Lete hapa."

Mkitaka kusema mnajua kuatamia, mngemwona yeye. Alilala ubavu siku ishirini na moja, mayai saba kati ya tumbo na blanketi, akiyageuza mara tatu kwa siku kama Mkufu alivyokuwa akifanya. Nikimletea maji alikuwa anayanywa bila kuinuka. Akitaka kukohoa alikuwa anashika kitanda kwa mikono miwili, kikohozi kitoke kifuani peke yake kisitikise chini. Bi Kazija alikuwa anakuja kumtania. "Arafa, ukitotoa uniite nije nikuletee pumba!" Mama anacheka bila sauti, asije akavunja kitu.

Siku ya ishirini na moja yakapasuka sita. Jogoo mmoja na matetea watano, na tetea mmoja alipokauka manyoya nikaona duara la dhahabu shingoni.

Kuku huanza kutaga akitimiza miezi mitano. Mama alisubiri miwili.

Tulimzika Ijumaa. Wizara ilituma salamu za rambirambi, kwa makosa ya karani zikaandikwa kwa jina la Mkufu. Nikaziweka pamoja na kile cheti.

*

Miezi ile vifaranga walipokuwa wanakua nimewafungia chumba cha mama, nchi ilikuwa inashangilia. Wizara ilitangaza kwamba kuku wote wa uani, mia kwa mia, wamethibitika kula sawia. Mtu mmoja sokoni aliuliza wako wapi. Akaelezwa kwamba swali hilo ni la wizara nyingine. Mayai nayo yalitangazwa kuwa yamefikia usawa: hapa hakuna, na kule hakuna. Asubuhi ikawa inaletwa na mpiga tarumbeta.

Shida ikawa moja. Wizara ya kukagua kuku, bila kuku, itakagua nini? Mheshimiwa Kibindo alijifungia siku tatu akatoka na nyongeza ya sheria aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisomwa mtaani kwetu mara mbili, na mimi kitu kikisomwa mara mbili hakinitoki. Ilisema hivi: Sheria ya Vionjo sasa itamhusu kila kiumbe mwenye miguu miwili. Atakayekutwa na vionjo zaidi ya fungu moja katika kumi, iwe mfukoni au tumboni, atafunguliwa kwa utaratibu uleule, isipokuwa mlishaji wake atamke mbele ya hadhara kwamba amekula sawia.

"Heee!" Bi Kazija akasema. "Mimi na wewe watufungue wakute nini, Siwatu? Upepo?"

Na kweli hakufunguliwa mtu. Raia hawakuwa na kionjo cha kuzidisha. Sheria ilikaa tu pale, imenolewa, inangoja.

*

Halafu Mtukufu Mlezi wa Taifa akasema anataka Sikukuu ya Ulaji Sawia, na kwenye sikukuu kuku wapite mbele yake kwa gwaride. Wanasema Mheshimiwa Kibindo alipopata habari alikaa chini kama yule jogoo kwenye ghorofa ya nne. Nchi nzima hakuna unyoya. Akazunguka mitaani siku tano na masikio yamesimama. Siku ya sita, jogoo wangu, ambaye alikuwa ndiyo anajifunza kuwika, akawika.

Mlango uligongwa kabla hajamaliza.

"We msichana, hawa ni mali ya taifa," Mheshimiwa akasema.

"Ndiyo, bwana."

Akawabeba. Kesho yake akarudi, maana hawakula. Walikuwa wamezoea mkono wangu na kopo langu, na kwa Wizara walikaa wamegeukia ukuta. Ikabidi nami nibebwe. Cheo cha Mlishaji wa Taifa kilitaka mtu mwenye shahada mbili, na mimi ni wa darasa la saba. Karani akafikiri, akaniandika kwenye daftari la vifaa, kati ya ndoo na toroli: Chombo cha kulishia, kimoja, Siwatu binti Arafa. Na kwa kuwa chombo hakichoki, nikapewa pia kumpelekea Mheshimiwa chakula chake cha mchana, na kumng'arishia vifungo akiwa amelala baada ya kula.

Vifungo arobaini na viwili ni kazi. Unakaa nalo lile koti mapajani muda mrefu. Unalijua kuliko mwenye koti. Unajua mfuko upi una nini, unasikia harufu ya chumvi na ndimu, unakiona kikaratasi kinachungulia, unasoma jina la nyumba, unafunga kifungo, unaendelea kung'arisha. Ningemwambia nani? Mlishawahi kuona ndoo inakwenda kutoa malalamiko?

Kuku wangu niliwalisha kwa sheria. Asubuhi na mchana mafungu tisa: mahindi, pumba, dagaa, chokaa, changarawe. Sikupunguza hata punje. Fungu la kumi niliwapa jioni, tarumbeta ya kufunga siku ikishalia. Nililitundika koti, mwenyewe akiwa bado amelala, kwenye mti wa kamba ya nguo, na nyuma ya kila kifungo nilikuwa nimebana kumbikumbi mkavu mmoja. Kumbikumbi arobaini na wawili, kuku sita, saba kila mmoja. Ni fungu moja katika kumi, sikuzidisha mguu wa mdudu.

Siku za kwanza walidonoa tu wakakosa. Kuku si mjinga kama anavyosemwa. Wiki ya pili walishajua kwamba kumbikumbi hatoki mpaka kifungo king'oke. Wiki ya tatu, tarumbeta ikisema paa, walikuwa wanaruka. Na mimi baada ya hapo nilikuwa navishona tena vifungo vyote, kimoja kimoja, kwa uzi mmoja mmoja, maana Wizara ilikuwa imesema tusifuje uzi.

Jioni moja Mheshimiwa aliamka mapema akawakuta wamelizingira koti lake. Nikajua nimekwisha. Akasimama, akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga.

"Unaona, we msichana?" akasema. "Hata kuku wanaitambua Serikali."

*

Siku ya Sikukuu niliwapa kuku wangu mafungu tisa. La kumi sikuwapa.

Asubuhi hiyo hiyo yule tetea mwenye duara la dhahabu alikaa kwenye pembe ya banda, akapiga kelele, akainuka. Yai. La kwanza nchini tangu Mkufu. Nikalichemsha, nikalifunga kwenye pindo la kanga.

Uwanja ulijaa. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikaa kwenye kiti chenye mito mitatu. Sufuria ya Serikali ilikuwa motoni tangu mapema ingawa hakuna aliyejua itapikwa nini. Mheshimiwa Kibindo alipanda jukwaani na koti lake, linawaka mpaka linaumiza macho. Mimi nilikuwa chini na kikapu cha kuku, kimefunikwa.

"Mtukufu Mlezi!" akasema. "Ndugu wananchi! Wapo watu, siwataji, ambao matumbo yao ni maghala ya utamu. Mimi Kibindo, tangu niapishwe, ulimi huu haujaguswa na kionjo! Mafungu yangu tisa nakula kwa uchungu! La kumi, nalisamehe kwa ajili ya taifa!"

Mtukufu akapiga miayo, ishara ya kwamba amependezwa. Mpiga tarumbeta akaona ishara, akapuliza: paa.

Nikafunua kikapu.

Sitasema waliruka, maana kuku anaruka hata akiona kivuli. Hawa walikwenda kazini. Jogoo alianzia kolani. Matetea wawili walichukua kifua, mmoja mgongo, mmoja mikono. Vifungo vikaanza kudondoka jukwaani, ti, ti, ti, na kila kimoja kikidondoka kuku anatazama nyuma yake, hakuna kumbikumbi, anahamia kingine kwa hasira zaidi. Mheshimiwa alikuwa anazunguka kama pia. "Ni mapenzi!" alikuwa akipiga kelele. "Mtukufu, ni mapenzi ya kuku kwa Serikali!" Watu wakapiga makofi kwa heshima, mpaka mfuko wa kwanza ulipofunguka.

Mifuko saba ilimwagika kwa pamoja. Wa nane, wa moyoni, ulishughulikiwa na tetea wa duara la dhahabu. Alidonoa mara moja.

Firigisi kavu zikatapakaa mpaka kwenye viatu vya Mtukufu. Kwetu firigisi mtu huziona moja moja. Wananchi wa nchi yetu walikuwa hawajawahi kuziona lundo. Makofi yakakatika, sufuria ikasikika inachemka.

Mtukufu akainama, akaokota iliyokuwa karibu, akasoma kikaratasi. "Nyumba ya Bi Arafa. Kuku mmoja. Sawia." Akageuza nyuma, hakukuwa na kitu. "Kibindo, hivi ni nini?"

"Ushahidi, Mtukufu."

"Wa kesi ipi?"

"Ya... ya baadaye."

"Ni mafungu mangapi katika kumi?"

"Mtukufu, ni ushahidi tu wa..."

"Nimeuliza hesabu, sikuuliza jina."

Mpiga tarumbeta, ambaye pia ndiye karani, alikuwa ameshapita na kupekua mifuko yote. "Kumi, Mtukufu," akasema. "Kumi katika kumi. Hakuna hata punje ya mahindi."

"Ile nyongeza ya sheria uliiandika wewe?" Mtukufu akauliza.

"Mimi, Mtukufu."

"Niliupenda mwandiko," Mtukufu akasema, akaegemea mto. "Endeleeni."

Mfunguaji wa Taifa akajitokeza na kisu chake, akijifunga aproni. Ni mzee mstaarabu, hana ubaya na mtu. "Samahani, Mheshimiwa," akasema, "nimezoea wadogo. Wewe ungependa nianzie wapi?"

"Ngoja! Ngojeni kwanza!"

"Usiogope, Mheshimiwa!" Bi Kazija akapaza sauti kutoka katikati ya watu. "Ukikutwa sawia si utapewa cheti!"

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma ya uwanja kikarudi. Mheshimiwa Kibindo alikuwa ameshika koti lisilo na kifungo kwa mikono miwili, kama mwanamke aliyefungukiwa na kanga sokoni. Kisha nikaona uso wake unakumbuka kitu. Kilikuwa ni kipande cha mwisho cha nyongeza yake.

"Mlishaji!" akasema. "Sheria inasema mlishaji! Mlishaji wangu atamke! Nani mlishaji wangu?"

Karani akafungua daftari la vifaa. Akapitisha kidole. Ndoo. Chini ya ndoo akasimama, akanitazama.

"Chombo cha kulishia," akasoma, "kimoja. Siwatu binti Arafa."

Uwanja mzima ukanigeukia. Mheshimiwa Kibindo akashuka ngazi za jukwaa, ya mwisho akaishuka kwa magoti. Sikuwahi kumwona kutoka juu. Katikati ya kichwa hakuwa na nywele.

"Siwatu," akasema. Lilikuwa jina langu, na nilikuwa nimemfanyia kazi miezi, na ndiyo mara ya kwanza alilitumia. "Mwanangu. Sema nimekula sawia. Neno moja tu, binti yangu."

Niliingiza mkono kwenye pindo la kanga nikatoa yai. Nikaligonga kwenye ukingo wa jukwaa. Nikalimenya taratibu, maganda nikawatupia kuku, yana chokaa. Kisha nikalitia mdomoni lote, zima.

"Siwatu, nakuomba. Nina watu nyumbani."

Kuku walikuwa wamekuja kukaa miguuni pangu, wote sita. Mfunguaji alikuwa anasubiri kwa adabu, kisu amekishika nyuma ya mgongo. Mheshimiwa akamgeukia mpiga tarumbeta, machozi yanamtoka. "Mbona hajibu? Hanisikii?"

"Anakusikia sana, Mheshimiwa," mpiga tarumbeta akamwambia kwa upole. "Mtu mwenye adabu hasemi chakula kikiwa mdomoni."

"Siwatu!" akaomba mara ya tatu.

Yai la kwanza la tetea huwa dogo. Nililitafuna polepole.